Printa Niliyoifunika Kitambaa

Ndugu zangu, wengine huota kwa shibe. Mimi ndoto hii niliiota kwa aibu, na aibu haina mto laini. Siku hiyo, baada ya sala ya adhuhuri, nilijitupa mkekani maneno ya watu yakinivuma masikioni. Asubuhi chekechea ya mtaani kwetu, hapa Nachingwea, ilikuwa na mahafali, na vyeti tulivichapa sisi, kikundi cha akina mama wenye kichumba cha stesheneri. Mwalimu aliwagawia watoto vyeti vimeviringishwa na kufungwa utepe. Wazazi walipovifungua, majina yalikuwa kama yameandikwa kwa maji ya mchele, na maua ya pambo yamekatika mistari mistari. Mtoto mmoja akamwuliza mama yake, "Kwani mimi sikufaulu?" Watu wote wakatugeukia. Nami Sikudhani, mzee mzima niliyetumwa na kikundi kuichagua printa ile, nikasema kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "Muulizeni Havijawa, ndiye anayeichezea." Havijawa ndiye mchapaji wetu. Alinitazama, akainama kuokota tepe zilizoanguka. Ikapangwa kwamba alasiri ileile tukutane, tumnyang'anye ufunguo wa chumba.

Usingizi uliponichukua, nikajiona natembea katika nchi ambayo ardhi yake yote ni karatasi nyeupe, na kila nikikanyaga naacha unyayo mweusi, hata kipofu angeweza kunifuata. Nyuma yangu akaja mwanamke aliyejifunga khanga doti moja na yangu. Nikamwuliza, "Wewe nani?" Akajibu, "Mimi Aibu. Usijisumbue kunikimbia, shoga. Mimi sichoki, na wewe una magoti mabovu." Basi tukaenda hivyo, yeye nyuma kama wifi asiye na kazi, mpaka tukamkuta mama mrefu mwenye pishi mkononi, jina lake Kadiri. Akanitazama toka utosini mpaka kisiginoni, akasema taratibu, "Karibu, Bibi. Umekuja kuchagua upya, au umekuja kusingizia upya?" Nikajifanya natengeneza khanga, mimi ninayejulikana mji mzima kwa majibu!

Akanishika mkono, akaniingiza sokoni, ambako printa zilikuwa watu. Wa kwanza kutupokea alikuwa binti mweupe, mwembamba, ananukia upya, bei ameibandika kipajini. "Bibi mrembo, nichukue mimi! Bei yangu kuku wawili tu!" Huyo ndiye Rahisi, printa yetu ileile, nikamjua palepale, na moyo ukanidunda kama wa mtu aliyekutana na mchumba aliyemtapeli. Lakini safari hii nikaona kilicho nyuma yake: watoto wanne, kila mmoja na rangi yake na kikombe kidogo kama kizibo cha chupa, wanalia, "Wino! Wino!" na hata kabla ya machozi kukauka, vikombe vimekwisha. Kadiri akasema, "Bei ya kununulia ni kiingilio tu, Bibi, ngoma yenyewe iko ndani. Uliza kila karatasi itakula wino wa kiasi gani. Uliza wino huo unauzwa duka gani hapo mjini kwenu, na mashine ikiugua, fundi wa kuitibu yupo? Wewe siku ile uliuliza nini?" Nikainama. "Niliuliza kama ipo ya rangi ya krimu, ifanane na makochi yangu." Aibu akacheka mpaka akakaa chini.

Mbele kidogo alikaa mwanamke mnene asiye na urembo, tumbo lake la kioo, wino unaonekana ndani kama mafuta ya taa kwenye chupa. "Mimi Mtungi," akasema. "Kuninunua naumiza kidogo, kunilisha siumizi. Nijaze, unitume. Ila ukinikalisha bure majuma na majuma, koo litanikauka, sikufichi." Ubavuni pake mzee mmoja, Unga, akakohoa vumbi jeusi. "Asiyechapa mara kwa mara aje kwangu, wino wangu ni unga, haukauki. Lakini maua ya rangi asiniombe, sina."

Nikafikiri somo limekwisha, nikaanza kuaga. Kadiri akaniwekea pishi njiani. "Bado ushahidi." Mtungi akanguruma, akatoa karatasi ya moto, nikaamriwa niisome kwa sauti, soko zima likisikiliza. Nikasoma silabi moja moja, kisomo changu cha darasa la nne: "Sikudhani aliifunika printa kitambaa cha kufuma, akaifungia kabatini nyumbani kwake na vyombo vya wageni, miezi mitatu, isichakae. Havijawa aliomba kila wiki achape walau ukurasa mmoja, wino usikauke, akaambiwa ana mikono mizito. Jana Havijawa alisema vyeti havifai. Sikudhani akasema, 'Funga utepe, nani anasoma cheti cha chekechea?'" Nikatema mate kidoleni, nikasugua. Herufi hazikutikisika. "Wino mzuri huo," Aibu akaniambia sikioni.

Nikazinduka, jasho linanitiririka, adhana ya alasiri inaita. Hapo ndipo maana iliponiingia: printa mbovu naweza kuitupa nikanunua nyingine, lakini jina la Havijawa nikishalichafua, duka la kuuza jina jingine halipo. Nikasali haraka, Mungu anisamehe, nikaenda kandambili moja yangu, moja ya jirani. Nikawakuta wamekwisha kaa. Ufunguo ulikuwa mkekani, mwenyekiti anaunyooshea mkono, na Havijawa ameangalia ukutani.

Nikauwahi ufunguo. "Mashine niliiua mimi," nikasema. "Na vyeti niliamuru mimi vifungwe. Havijawa alinikataza." Nikayasema yote, mpaka la makochi. Hakuna aliyecheka, nami ndiye niliyezoea kuchekwa kwa kupenda kwangu.

Havijawa akaupokea ufunguo mkononi mwangu, akaufunga penye pindo la khanga yake. Kunitazama, hakunitazama. "Kesho nachapa vyeti upya kwenye mashine ya watu," akasema, "na kwenda kununua printa nyingine tutakwenda sote wawili, Bibi. Mimi nitauliza. Wewe utanyamaza."

"Ndiyo, mwanangu," nikasema.

Kesho yake dukani muuzaji aliniita bibi mrembo. Nikanyamaza.