Sanduku la Simu

Mtaani walimwita Bibi Giza, na jina hilo alilipokea kwa kicheko, maana kazi ni kazi na utani haujamuua mtu. Kazi yake ilikuwa kukata umeme. Alikaa kwenye kituo cha kupozea umeme, katika chumba chenye ubao mpana wa swichi, kila laini na swichi yake. Umeme ulipopungua, na ulipungua kila kukicha, simu ya mezani ililia kutoka makao makuu, akaambiwa apunguze, naye akageuza swichi. Mitaa ikazima. Watu wakamtukana bila kumjua, na waliomjua wakamtukana zaidi.

Kabla ya mageuzi, kukata kulikuwa na siasa zake. Kila mkubwa alikuwa na namba ya mtu wa zamu. Unanyoosha mkono kwenye swichi, simu inatetemeka mfukoni: laini hiyo iache, namwoza binti yangu, laini ile usiiguse kabisa, mheshimiwa ana wageni. Basi giza likawa la watu walewale, wale wasio na wa kumpigia. Wao walizimiwa leo, wakazimiwa kesho, na keshokutwa wakaletewa bili.

Serikali ilipochoka kuzomewa, ikaja na mageuzi. Shirika likakatwa vipande, wazalishaji huku, wasambazaji kule, msimamizi akawekwa juu yao, na semina zikafuatana kama mvua. Wafanyakazi waliulizwa maoni. Wengi walikunywa chai ya bure wakanyamaza, lakini Bibi Giza alisimama. Alisema ratiba ya mgao itangazwe na ifuatwe, zamu kwa zamu, bila kujali nani analala wapi. Kisha akaongeza kwamba simu zote za mkononi zifungiwe nje ya chumba cha swichi, kwa sababu asiyeweza kupigiwa hawezi kubembelezwa. Walimpigia makofi. Haukupita muda, sanduku la chuma lenye kufuli likapigiliwa misumari mlangoni, na ufunguo akapewa mkuu wa zamu.

Na mpango ulifanya kazi, tusiwanyime watu haki yao. Umeme haukuongezeka hata chembe, ila sasa ulijulikana utaondoka lini, na wakubwa nao wakajifunza kutafuta kiberiti gizani.

Aliyefurahi kuliko wote ni dada yake. Dada mtu alikuwa mjane, na katika chumba kidogo cha uani alikuwa akitotolesha vifaranga vya kuuza, mashine ndogo mbele, jenereta kuukuu likikohoa nyuma. Bibi Giza ndiye aliyemshauri auze jenereta, anunue mashine kubwa, mayai yake ayapange kwa ratiba. Dada alisita. Aliuliza, je, ratiba ikibadilika ghafla?

"Dada, si mimi nipo pale?" Bibi Giza alimjibu. "Ikibadilika nitakupigia mwenyewe."

Alisema hivyo akichambua mchele, na sanduku la mlangoni halikumjia akilini hata kidogo. Jambo la kusikitisha ni kwamba alikuwa anasema kweli kabisa, kutoka moyoni.

Mayai ya kwanza ya mashine mpya yalikaribia kuanguliwa wakati wa baridi. Vifaranga vilikuwa vimeshaagizwa, na malipo ya awali yalikuwa yameshakwenda kwenye karo ya mtoto. Jioni moja dada alimwita ategeshe sikio kwenye mlango wa mashine. Ndani, vifaranga vilikuwa vinalia kwenye maganda. Wale ndugu wawili wakatazamana wakacheka kama watoto. Ratiba ilisema laini ya Saba, laini ya mtaa wao, ingekatwa keshokutwa, na kufikia siku hiyo vifaranga vingekuwa nje, vikavu.

Asubuhi iliyofuata mtambo mkubwa wa kuzalisha ukakwama. Simu ya mezani ikalia, na sauti ya makao makuu ikasema upungufu ni mkubwa, ratiba inasogezwa mbele: laini za kesho zikatwe leo, sasa hivi.

Bibi Giza aliiangalia swichi ya Saba, kisha akamgeukia mkuu wa zamu.

"Mzee, naomba ufunguo mara moja tu. Siombi laini iachwe. Nataka kumwambia dada aazime jenereta kwa jirani, basi."

Mkuu wa zamu hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, ingekuwa nafuu. Aliutazama ufunguo mkononi mwake, akawatazama wenzake wawili walioacha kazi wakisubiri jibu.

"Nikikupa wewe, hawa nitawanyima kwa lipi? Kila mtu hapa ana dada," alisema kwa upole. "Na sheria hii uliidai wewe, mwanangu. Sheria ni msumeno."

Bibi Giza alijua kwamba hata yeye angejibu vivyo hivyo. Kwa simu ya mezani aliwaomba makao makuu wawatangazie wateja. Akaambiwa tangazo lipo tayari, linasubiri sahihi. Jicho lake likateleza hadi swichi ya Nne. Angeweza kuikata hiyo badala ya Saba. Lakini watu wa Nne walikuwa wameshinda gizani jana, na ni walewale wa zamani, wasio na wa kumpigia. Akaigeuza Saba.

Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya, na hilo ndilo lililomchosha kuliko kazi yoyote. Waliambiwa mtambo utarudi kabla ya mchana. Mchana ukaja, wakaambiwa bado kidogo. Alikaa kwenye kiti akiutazama ule ubao, naye anajua kila waya unapopita hadi mlangoni kwa dada yake, lakini asingeweza kumtumia hata neno moja. Upepo wa baridi uliingia kwa chini ya mlango. Kila ulipompiga miguuni aliwaza mayai.

Zamu ilipoisha alichukua simu yake sandukuni. Dada hakuwa amempigia hata mara moja. Akajipa moyo: pengine jirani kasaidia, pengine mambo si mabaya. Alitembea haraka huku amejishika kifua.

Alimkuta dada chumbani uani, amekaa kwenye kigoda, mashine imevishwa mablanketi yote ya nyumba hiyo. Bibi Giza aliinua pembe ya blanketi, akafungua. Maganda mengi yalikuwa na vitundu, na kwenye vitundu vilionekana vidomo. Alitegesha sikio kama jana yake. Kimya.

"Jirani alikuja na jenereta lake leo asubuhi," dada alisema, sauti haina hasira, na heri ingekuwa nayo. "Nikamrudisha. Nikamwambia, hii ni ya dakika chache tu. Ingekuwa ya kutwa, mdogo wangu angeshanipigia."

Bibi Giza alifungua mdomo, akataka kueleza habari za mtambo, za ufunguo, za mkuu wa zamu. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililofaa kutamkwa mbele ya yale mayai. Akaketi sakafuni kando ya dada yake. Alilia, na dada akamwekea mkono begani, jambo lililomzidishia kilio.

Wakiwa hivyo, taa ikawaka. Feni ya mashine ikaanza kuvuma, na simu zao mbili zikalia kwa pamoja: mteja mpendwa anajulishwa kwamba leo kutakuwa na katizo la umeme katika laini ya Saba. Dada hakuisoma. Aliinuka, akatoa mablanketi moja moja akiyakunja, kisha akainama, kwa mazoea tu, kuangalia kipimajoto kama joto limefika.