Upande wa Shekha

Kabla mumewe hajafa, Shekha alikuwa na Alhamisi zake. Baada ya sala ya alasiri, wanawake kumi na wanne wa mtaa walitoka wawili wawili, wameshikana vidole vya mwisho, wakatembea ufuoni au kuelekea daraja la Sabaki. Chama hicho cha matembezi kilianzishwa mwaka wa themanini na nne na Bi Mwanabibi, aliyeamriwa na daktari atembee kwa ajili ya sukari, naye akaona uzito kutaabika peke yake. Walikuwa na kelele hao! Wauza samaki waliwasikia kabla ya kuwaona. Kila mmoja alikuwa na mwenziwe, na mwenziwe Shekha alikuwa Tumu. Miaka miwili Shekha alitembea kushoto kwa Tumu, hata siku moja wasibadilishane.

Sasa alikuwa edani. Miezi minne na siku kumi hatoki, hajipambi, na dirisha la uchochoroni limefungwa. Alimlilia mumewe kwa haki, maana marehemu alikuwa mtu mwema. Lakini Alhamisi zilipofika palikuwa na jambo jingine lililomkera, na alilionea haya. Hakuwasikia wenzake. Uchochoro ule ndio uliokuwa njia yao, na sasa alasiri zilipita kimya.

Tumu alikuja kumtazama kila Jumatatu na mikate ya mofa, wakazungumza habari za wagonjwa na za arusi. Habari za matembezi hakuzitia mdomoni hata mara moja, na Shekha, kwa kiburi chake, hakuuliza. Akajijibu mwenyewe: wamepata njia nyingine, na Tumu amepata kidole kingine cha kushika. Chini ya kitanda palikuwa na raba nyeupe alizonunua kwa safari ya Mambrui, iliyopangwa kabla ya msiba. Bila shaka walishakwenda. Eda ilipobakia siku moja, Alhamisi, akazifunga raba zile kwenye gazeti ampe wifi yake.

Alikuwa anakaza uzi aliposikia sauti chini ya dirisha.

"Uwii, mguu wangu!"

Bi Mwanabibi huyo, sauti yake haikosewi. Zikafuata "shh" nyingi, kila mtu akimnyamazisha mwenziwe.

Shekha akafungua dirisha kwa upana wa jicho, Mungu amsamehe. Wote walikuwapo, pekupeku, viatu mikononi. Bi Mwanabibi, aliyewakataza hata kukohoa mahali pale, alikuwa amesimama kwa mguu mmoja huku mwenziwe, Sidi, akimchomoa kipande cha kombe unyayoni. Nyuma yao wengine walisimama wawili wawili. Wa mwisho alikuwa Tumu, peke yake, amebana ukuta wa kulia, na kushoto kwake pana nafasi ya mtu mzima.

"Tumu," Shekha akaita taratibu.

Tumu akasogea, amefadhaika. "Tumekusumbua, shoga. Tusamehe. Tulisema tusikutie uchungu, sisi twapita twacheka na wewe umo ndani."

"Kila Alhamisi mwapita hapa?"

"Tupite wapi tena?"

"Na Mambrui?"

"Mambrui ipo. Twakungoja wewe."

Shekha akaitazama ile nafasi kushoto kwa Tumu. "Mbona watembea peke yako? Si ungeshikana na Sidi na mwenziwe, mkawa watatu?"

"Bi Mwanabibi aliniambia hivyo hivyo," alisema Tumu. "Nikamwambia upande huu una mwenyewe."

Hapo Shekha akalia, wala hakuona haya. Akapenyeza kidole chake cha mwisho kati ya nondo za dirisha, na Tumu akakishika mpaka alipoitwa. Wakaenda zao kimya kimya, Bi Mwanabibi akichechemea mbele.

Shekha alifunga dirisha. Kisha akalifungua lile gazeti, akazivaa raba, akaanza kutembea kutoka ukumbini hadi uani, na uani hadi ukumbini, ili zilegee. Mambrui ni mbali, na raba mpya huchubua.