Wadudu wa Wifi

Kwa miaka kumi na tisa Mama Pacha alifunga wadudu bandia wa kuvulia samaki aina ya trauti, katika karakana yenye meza sita na dirisha moja refu. Fungu lake lilikuwa mdudu mchanga wa majini, yule ambaye hajaota mabawa. Unabana ndoana kwenye jiliwa, unaizungushia uzi, unafunga nyuzi tatu za unyoya wa kahawia ziwe mkia. Unyoya huohuo unauviringisha kuwa mwili, halafu unaukaza kwa waya mwembamba wa shaba usifumuke. Kifua kinene, fundo, basi. Halafu mwingine.

Alhamisi moja, kabla ya saa sita, uzi ulimkatikia mara ya tano. Macho yalimtoka machozi, na wala halii.

"Pumzika, wifi," alisema mjane wa kaka yake kutoka meza ya jirani. Tangu wagombane msibani, walikuwa wakiishia kwenye salamu tu.

"Nitapumzika kaburini."

Msimamizi akapita na trei. "Mama Pacha, mzigo wako wa mwezi huu ni safi. Hakuna hata mdudu mmoja aliyerudishwa."

Mama Pacha alichukua mmoja, akamsogeza mpaka puani. Waya ulikuwa umezungushwa kinyume. Katika karakana nzima, aliyefunga kwa mkono wa kushoto alikuwa wifi yake peke yake.

Alingoja wenzao watoke kwenda kula.

"Tangu lini?"

Wifi hakujifanya haelewi. "Miezi mitatu. Walikuwa wanafumuka. Ukitoka kidogo, nawafunga upya."

"Na mdomo huna?"

"Ningekuambia lini, wifi, na wewe ukiniona unageuza shingo?"

Mama Pacha alitaka kufoka, pumzi ikamwishia. Hata hasira inataka nguvu. Alikaa, mikono mapajani, akasikia mgongo mzima unamuuma kwa mpigo mmoja.

"Sioni," alisema mwishowe. "Huo uzi naupapasa tu."

"Najua."

Mchana huo alimwambia msimamizi mwenyewe. Jumatatu wakamhamishia kwenye kuosha na kuchambua manyoya, kazi ambayo vidole vinatosha. Meza yake ilikuwa pembeni, karibu na sinki. Siku ya kwanza ilimwendea polepole kama ugonjwa.

Jioni wifi alikuja kuchukua manyoya ya kesho, akavuta kigoda.

"Sogea kidogo," alisema. "Miguu imekufa ganzi."

Mama Pacha akasogea.