Mtihani Bila Msimamizi

Katika karatasi thelathini na tisa, Mto Rufiji ulimwaga maji yake Ziwa Victoria. Katika karatasi ya arobaini, Najat aliandika kwa mwandiko wake mdogo, uliojikunyata: "Sijui, mwalimu." Aliandika hivyo mara tisa.

Raudha aliweka kalamu chini. Muhula mzima, katika shule hii ya Kiislamu huku Mbagala, alilifundisha darasa la sita kwamba elimu ni amana. Kwamba wanazuoni wa zamani hawakuona haya kukiri wasilolijua. Kwamba Mwenyezi Mungu humwona mtoto hata pale mwalimu asipokuwapo. Ndiyo mambo aliyoyaandikia tasnifu chuo kikuu, akasifiwa. Basi siku ya mtihani aligawa karatasi, akasoma nao Bismillahi, akatoka na kuufunga mlango. Alikaa ofisini saa nzima, moyo ukimchezea kifuani kwa furaha.

Sasa alisimama mbele ya mwalimu mkuu, Ustadhi Mbwana.

"Mashaallah, darasa limepaa! Ila huyu binti anatutia doa. Aliye chini ya alama thelathini anarudishwa darasa la tano. Tia saini hapa."

"Ustadhi, hawa wengine wametazamiana. Hebu ona Rufiji inavyoingia ziwani kwa wote, badala ya baharini."

Mzee aliona, akacheka hadi miwani ikamtelemka puani. "Ukawaacha watoto wa Mbagala peke yao, usimamizi ukamwachia Mungu?" Kicheko kikakatika. "Wazazi wameshatumiwa matokeo. Nikiufuta mtihani, bodi itauliza msimamizi alikuwa wapi. Nawe bado uko kwenye miezi ya majaribio, mwanangu. Niwajibu nini?"

Raudha alilitafuta jibu katika yote aliyowahi kusoma. Yalikuwapo majibu mengi, mazuri, ya kuwapa watoto. Akatia saini.

Jumatatu Najat alikusanya madaftari yake, darasa zima likimtazama.

"Kwaheri, Bi Sijui!" Salumu alipaza sauti kutoka dawati la nyuma. "Ukatusalimie wadogo zetu!"

Walicheka wote, hata wale waliokuwa wakiazima rula yake. Raudha hakuwakemea. Alimsindikiza mtoto hadi barazani, nje ya darasa la tano, na hapo Najat akasimama.

"Mwalimu, nikuulize?"

"Uliza."

"Ulijua kama wenzangu walitazamiana?"

Upande wa pili wa ukuta watoto walikuwa wakiimba majira ya mwaka.

"Sikujua, mwanangu."

Uso wa Najat ulikunjuka. Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

"Alhamdulillahi. Mie nilidhani ulijua, mwalimu. Hilo ndilo lililokuwa likiniliza."

Akaupokea mkono wa mwalimu wake, akaubusu. Kisha akavua viatu, akavipanga sawasawa ukutani, akaingia darasa la tano kwa mguu wa kulia.