Chumba Kilichoziba Njia

Kufikia saa moja asubuhi Edith alikuwa ameshamaliza mkono wa pili wa sweta la kumi na moja. Aliutoa kwenye mashine ya kufumia, akauning'iniza kwenye msumari pamoja na mingine, akapuliza vidole. Upepo ulikuwa ukishuka kutoka milima ya Mbizi na kuingia chini ya mlango, na Juni ya Sumbawanga haina huruma na mtu anayefanya kazi kwa vidole. Shule zilikuwa zikifunguliwa Julai. Masweta ya kijani arobaini, mwalimu mkuu alisema, na mama mmoja mmoja walikuwa wakipita kuulizia.

Nje alisikia sepetu zikigongana. Walikuwa wamefika.

Hakuinuka. Alifunga uzi mpya kwenye sindano, akaanza pindo la sweta la kumi na mbili.

Mlango uligongwa, ukafunguliwa kabla hajajibu. Aliyeingia ni Mama Bertilla, mwenyekiti wa kamati ya njia, amevaa kitenge juu ya suruali ya mumewe na buti za mvua miguuni. Aliangalia kitanda kilichotandikwa, sufuria zilizopangwa, mashine, nyuzi, godoro la akiba.

"Edith mwanangu, bado hujatoa vitu?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Watu wako nje. Cleophas amekuja na nyundo kubwa."

"Nimewasikia."

"Sasa?"

Edith alivuta mashine kushoto, akairudisha kulia. "Niambieni leo usiku mashine hii inakaa wapi. Mkiniambia, natoka sasa hivi."

Mama Bertilla aligeukia mlangoni, akamwagiza mtu amwite mwenye nyumba.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Njia ya Mtaa wa Chipukizi, kule Izia inakoanza kuchanganyika na mashamba ya mahindi, ilikuwa nyembamba kiasi kwamba matoroli mawili yalipokutana, moja lilirudi nyuma. Jumatatu wapima ardhi walikuwa wanakuja kuweka vigingi. Wakikuta upana wa mita sita wangechora barabara, na nyumba zote za mtaa zingepata hati. Wakikuta pungufu wangekunja vifaa vyao na kwenda mtaa mwingine, na hakuna aliyejua wangerudi mwaka gani. Kwa hiyo watu walijitoa. Mama Bertilla aling'oa ua wake wa michongoma uliomchukua miaka tisa kukua. Saad, mwenye duka na gari aina ya Canter, alivunja baraza ambalo wazee walizoea kukaa wakinywa kahawa. Kilichobaki ni chumba kimoja, cha mbele kwenye nyumba ya Mzee Yusto, kilichochomoza njiani kama kiwiko. Na humo ndani alikuwa akiishi Edith, mpangaji, mwaka wa tatu sasa.

Kikao kilichoamua kibomolewe kilikuwa cha wenye nyumba. Edith alijua uamuzi siku aliporudi sokoni akakuta alama nyekundu imepakwa chini ya dirisha lake. Alipomuuliza Mzee Yusto, mzee alisema, "Tutaona, mwanangu, tutaona," na tangu siku hiyo akawa anaondoka kwenda shambani kabla ya jua na kurudi kimyakimya kwa mlango wa uani.

Sasa alikuwa ameitwa. Alisimama mlangoni nyuma ya Mama Bertilla, kofia mkononi, haingii ndani ya chumba chake mwenyewe. Nyuma yake watu walikuwa wameanza kuchungulia.

"Anakataa?" aliuliza mtu.

"Sikatai," Edith alisema kwa sauti ya kusikika nje. "Msinisingizie. Mwaka jana Naima aliposhikwa na uchungu, ni nani alikuwa mbele ya toroli akimshika mkono hadi barabara kubwa? Ni mimi. Naitaka hii njia kuliko hata ninyi wengine. Lakini mlikaa mkahesabu miti, mkahesabu mabaraza, mkahesabu na choo cha jirani yetu Flavian. Mimi mlinihesabu wapi?"

Saad, mume wa Naima, aliinamisha kichwa. Usiku ule Canter yake ilikuwa imesimama barabarani, tangi limejaa mafuta, na yeye anasukuma mkewe kwenye toroli la kubebea mchanga kwa sababu gari halikuweza kupita kwenye kiwiko cha Mzee Yusto. Mtoto alizaliwa salama, sasa alikuwa na miezi minane. Lakini Saad hakuwahi kulisahau toroli lile.

"Anasema kweli," Saad alisema. "Tulimsahau, basi. Tusijifanye."

Mama Bertilla alivua buti moja, akakung'uta kokoto ambayo huenda haikuwemo, akaivaa tena. Ndivyo alivyofanya alipotaka muda. "Cleophas," aliita. "Njoo upime."

Cleophas, fundi mwashi, kijana wa miaka thelathini na kitu mwenye penseli sikioni, aliingia, akapiga hatua kutoka ukuta hadi ukuta, akatoka, akazunguka nyuma ya nyumba. Watu wote wakamfuata. Alirudi akitikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyeridhika.

"Matofali ni ya kuchoma, yamejengwa kwa udongo. Yakitolewa taratibu hayavunjiki. Chumba hikihiki kinaweza kusimama kule uani. Kwa watu hawa wote, leo tunafika juu ya dirisha. Kesho baada ya misa tunamaliza, tunapaua."

"Uani wapi?" Mzee Yusto aliuliza kwa wasiwasi.

"Pale kwenye banda la nguruwe."

"Pale pana nguruwe!"

"Ndiyo maana linaitwa banda la nguruwe, mzee."

Watu walicheka, hata Edith, ingawa aliuficha mdomo kwa mkono. Mzee Yusto hakucheka. Aliongea Kifipa haraka haraka na Mama Bertilla, mikono ikiruka, na Mama Bertilla alimjibu kwa Kifipa pia, polepole, mpaka mzee akaishiwa maneno. Hatimaye alisema kwa Kiswahili, ili wote wasikie, "Haya. Nguruwe waende kwake. Lakini wakikonda, nitamdai yeye."

"Saad, utusaidie na gari," mtu alitania. "Uwabebe hadi kwa Mama Bertilla."

"Jamani," Saad alisema, mkono kifuani. "Mchanga nitabeba, maji nitabeba, mawe nitabeba hadi jioni. Hao wageni wa mzee watembee."

Wakatembea. Mzee Yusto aliwaongoza mwenyewe, watatu, kila mmoja na kamba mguuni, na yule mkubwa akakaa chini katikati ya njia mbele ya duka la Saad na kukataa kuinuka. Naima alitoka na mtoto mgongoni, akaona, akarudi ndani akicheka hadi machozi. Ilichukua watu wanne na gunzi la mahindi kumshawishi.

Edith alitoa vitu vyake. Mashine ilipelekwa dukani kwa Saad, ikafunikwa kwa kanga mbili za Naima. Aliporudi, mabati yalikuwa yameshateremshwa na Cleophas alikuwa juu ya ukuta akitoa tofali la kwanza. Alimpa Flavian, Flavian akampa mwingine, na mstari ukajipanga wenyewe kuzunguka nyumba hadi uani, kina mama wengi, wanaume, wasichana wa sekondari walio likizo. Edith aliingia katikati ya mstari. Matofali yalikuwa ya baridi kama barafu mwanzoni. Baadaye hakuna aliyehisi tena.

Kufikia saa sita chumba kilikuwa hakipo. Pale kilipokuwa palibaki sakafu ya saruji, mraba mdogo. Edith alishangaa udogo wake. Miaka mitatu alikuwa akifikiri ni kikubwa.

Naima alileta chai ya tangawizi na viazi vilivyochemshwa. Watu walikula wamesimama. Mzee Yusto alikuja na kikombe chake akasimama kando ya Edith, wote wawili wakiitazama njia. Sasa ungeweza kuona moja kwa moja kutoka kisimani hadi barabara kubwa.

"Nilikuwa nakukimbia," mzee alisema.

"Nilijua, baba."

"Sikuwa na jibu. Mtu ukiwa huna jibu unakwenda shamba." Alikunywa chai. "Kuna jambo lingine, bora nikuambie mapema. Barabara ikipita hapa, watakuja watu wa maofisini. Wataniuliza bei ya chumba. Watanitajia wao wenyewe bei, kubwa."

"Hilo nalo nalijua."

"Mimi ni mkulima tu, Edith. Sitakuapia kwamba sitaingia tamaa."

"Usiniapie, baba. Siku hiyo ikifika niambie mapema, usiende shamba."

Mzee alicheka kidogo, akatikisa kichwa, akamimina masalia ya chai chini. "Nitakuambia mapema," alisema. Haikuwa ahadi kubwa, lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa mwenye nyumba yeyote kumuahidi Edith kitu. Edith alirudi kwenye mstari akiwa mwepesi.

Saa nane kasoro pikipiki ilisimama juu ya sakafu ile ya saruji. Aliyeshuka alivaa koti zito na kubeba faili chini ya kwapa. Alijitambulisha: Masanja, afisa ardhi, ametumwa kuangalia kama njia iko tayari kabla ya Jumatatu. Alipima kwa futi ndefu ya utepe, akapima tena, akaandika.

"Mita sita na robo," alisema. "Hongereni sana. Mitaa mingine wanapigana mapanga."

Watu walipiga makofi. Kisha Masanja akasikia mwiko ukigonga tofali uani, akazunguka nyumba, na uso ukabadilika. Kuta nne zilikuwa zimefika kiunoni.

"Hiki nini?"

"Chumba," alisema Cleophas.

"Kibali cha ujenzi kiko wapi?"

Mama Bertilla alijipangusa mikono. "Bwana afisa, ni chumba kilekile. Kimetoka mbele kimekuja nyuma. Matofali yaleyale, mlango uleule."

"Kubomoa hakuhitaji kibali. Kujenga kunahitaji. Pelekeni maombi, mchoro, mtajibiwa."

"Baada ya muda gani?"

"Inategemea. Miezi miwili, mitatu."

"Na huyu alale wapi miezi mitatu?" Mama Bertilla alimwonyesha Edith.

Masanja alifungua faili. Alipitisha kidole kwenye orodha, ukurasa wa kwanza, wa pili. "Wewe ni nani? Mtaa huu nina majina arobaini na mawili."

"Edith Kalulu."

"Humu hamna."

"Ni mpangaji," Mzee Yusto alisema.

"Ahaa. Fomu ina sehemu ya mmiliki tu. Mpangaji hayumo." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma bei ya mkate. "Mimi natumwa tu, jamani. Wekeni hayo matofali chini. Mkiendelea itabidi niandike majina ya wanaojenga bila kibali, na Jumatano wafike ofisini kujieleza."

Alitoa daftari jingine mfukoni, jembamba, lenye jalada jekundu. Watu walilitazama. Edith alihisi mikono ikianza kuuma sasa hivi, mara moja, kana kwamba ilikuwa ikingojea ruhusa.

Cleophas alishuka kwenye ukuta. Alifuta mwiko wake kwenye suruali, akamsogelea afisa. "Andika. Cleophas Mwananjela, fundi."

"Rozina Kapufi," alisema mama mmoja aliyekuwa akikanyaga udongo, miguu myekundu hadi magotini. "Mimi nakanda udongo."

"Saad Suleimani. Maji na mchanga. Gari pia unaweza kuliandika."

Mama Bertilla alikuja, kisha Flavian. Mzee Yusto alitaja majina yake yote matatu na la ubatizo, akasubiri kuhakikisha limeandikwa vizuri. Wakajipanga mstari, uleule wa matofali, na Masanja akaandika akiwa ameegemeza faili gotini, mwanzo kwa hasira, baadaye kwa uchovu, hadi mkono ukamlegea. Mtu alimletea kigoda. Naima alimletea chai, akaipokea.

Edith alikuwa wa mwisho.

"Edith Kalulu."

Masanja aliinua macho. "Si nimeshasema mpangaji hayumo? Wewe si mmiliki."

"Umesema wanaojenga. Na mimi najenga."

"Nyumba namba ngapi?"

"Sina nyumba."

"Sasa hapa kwenye makazi nitaandika nini?"

"Andika hapahapa. Mtaa wa Chipukizi."

Afisa alimtazama, akatazama kuta, akatazama kikombe cha chai kilichokuwa kikimpasha vidole moto. Aliandika. Edith aliinama juu ya bega lake kuhakikisha. Jina lake lilikuwa pale, la thelathini na saba, kwenye daftari la wakosaji, na mbele yake mtaa wake, kwa wino wa bluu.

"Jumatano saa tatu," Masanja alisema akifunga daftari. "Wote."

"Wote," Mama Bertilla aliitikia. "Utuandalie viti."

Pikipiki iliondoka kwa kupita katikati ya njia mpya, pana, bila kukwepa chochote. Watu walibaki wakitazamana. Flavian alianza kucheka, wengine wakafuata, kicheko cha watu wasiojua Jumatano itakuwaje. Kisha Rozina akarudi kwenye udongo wake kwa sababu ulikuwa ukikauka.

Cleophas alipanda tena ukutani, akalaza kamba, akaangalia, akasita.

"Dada Edith!" aliita. "Njoo kabla sijapandisha. Dirisha niweke upande upi?"

Edith alisimama na tofali mikononi. Tangu aanze kupanga alikuwa ameishi vyumba vitano, na vyote alivikuta na madirisha yake. Alizunguka kuta zile taratibu, nje, kisha ndani. Upande mmoja kulikuwa na milima. Upande wa pili, njia.

Watu walimngoja. Hakuna aliyemharakisha.

"Hapa," alisema, akiweka mkono juu ya tofali lenye udongo mbichi, upande wa njia. "Halafu, fundi, usilifanye dogo."