Kipigo cha Mia Moja na Sitini

Tuukka aliingia kwenye nyumba ya ziwani na ubao mweupe kwapani, na kabla hajavua hata kofia akatangaza kwamba joka limekwisha.

"Karibu kwanza," Raili alimwambia. "Buti zako zinadondosha tope."

"Limekwisha, Raili. Pigo moja tu."

"Tope, Tuukka."

Akavua buti. Mimi nilikuwa mezani tayari, na mbele yangu kahawa, mikate ya iliki na dadu zangu za pande nyingi nilizozipanga kwa rangi. Nje ziwa lilikuwa la kijivu na tulivu. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Raili na Jalmari kuifunga nyumba kwa ajili ya baridi, na Raili alikuwa ameahidi kwamba jua halitazama kabla hatujajua mwisho wa hadithi yetu.

Hadithi yenyewe tulikuwa tukiicheza mezani kwa msimu wa tatu. Raili, dereva wa treni mstaafu, ndiye msimulizi: yeye ndiye anayesema mlango umefunguka au umegoma, na joka limekasirika kiasi gani. Mume wake, Jalmari, anacheza mwizi asiyesema sana, na mpaka leo hatujui kama anaigiza. Tuukka anacheza Otso, shujaa wa shoka. Mimi nacheza Halla, tabibu. Kila mhusika ana karatasi yake iliyoandikwa nguvu zake, uhai wake na vitu alivyobeba. Yaliyobaki huamuliwa na dadu.

Na tuna desturi moja. Mhusika akifa, karatasi yake hutumika kuwasha moto wa sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, jioni hiyohiyo. Hakuna nakala, hakuna kufufuka. Mwaka juzi Jalmari alimpoteza mchawi wake. Tulikaa kwenye benchi la juu tukitokwa na jasho, na hakuna aliyefungua mdomo mpaka Jalmari mwenyewe alipomwaga maji kwenye mawe ya moto akasema, "Alikuwa mtu mzuri." Kwa Jalmari hiyo ni hotuba.

Tuukka aliusimamisha ubao kwenye dirisha, akaziba ziwa lote.

"Sikilizeni," alisema. "Joka lina uhai wa mia moja na hamsini. Tusipoliua kwa pigo moja, litapumua moto, na sisi tutakuwa mkaa. Sawa? Sasa, shoka langu ni dadu mbili za pande kumi na mbili. Juu kabisa ni ishirini na nne. Nguvu zangu, sita. Thelathini. Jalmari akisimama nyuma ya joka akalishughulisha, naongeza kumi. Arobaini. Nakunywa dawa ya hasira, inazidisha mara mbili. Themanini."

"Themanini si mia moja na hamsini," nilisema.

"Subiri, wewe! Kuna Kiapo cha Damu." Akapigia mstari mara mbili. "Shujaa akimwona mwenzake anauawa, pigo lake linalofuata linazidishwa tena mara mbili. Mia moja na sitini! Kumi zinabaki za kutupa."

Jalmari aliacha kutafuna.

"Huyo mwenzake ni nani?" niliuliza.

Tuukka alitazama sahani ya mikate. "Kimahesabu, ni yeyote."

"Tuko watatu, na wewe ndiye unayepiga."

"Jalmari yuko nyuma ya joka. Nikimpoteza Jalmari, zile kumi zake zinaondoka, na kumi zikizidishwa mara nne ni arobaini. Arobaini, Sohvi! Siwezi kupoteza arobaini."

"Kwa hiyo unanipoteza mimi."

"Wewe humo hata kidogo. Tazama." Nikatazama. Kweli, kwenye ubao mzima sikuwemo. "Halla hapigi mtu. Ukiwa hai, mchango wako kwenye pigo ni sifuri. Ukifa, ni themanini. Hujawahi kuwa na manufaa kiasi hicho!"

Alilisema hilo kwa furaha ya dhati, kama mtu anayempa mwenzake zawadi ya siku ya kuzaliwa.

Halla nilimuumba vuli ile nilipoanza chuo huko Tampere, nikiwa sijui mtu. Tangu wakati huo hajampiga yeyote. Amemfunga bandeji mbwa mwitu. Amemfunga bandeji askari aliyetufungia gerezani, akiwa bado ndani ya gereza, kupitia nondo. Safari moja aliliuliza jitu la barafu kama linasikia baridi, na Tuukka akacheka mpaka akapaliwa na kahawa. Sasa nimehitimu masomo ya ustawi wa jamii na natuma maombi ya kazi kila mahali. Wanaponihoji huniuliza ninataka nini, nami huwajibu kwamba nataka kusaidia watu, nao hutabasamu kwa upole na kuandika kitu. Mezani kwa Raili, Halla alisaidia watu na hakuna aliyeandika kitu. Walinyoosha tu mikono wafungwe bandeji.

"Ni karatasi, jamani," Tuukka alisema alipoona uso wangu.

"Basi chukua yako."

"Yangu ndiyo yenye shoka!"

"Raili, mwambie."

Raili alichungulia juu ya kadibodi anayofichia maandishi yake. "Mimi siingilii. Treni haimwulizi dereva iende wapi, reli zipo. Amueni wenyewe. Ila sauna inachukua saa nzima kupata moto, na ningependa kujua kama nikatafute maganda ya miti ya kuwashia, au nisijisumbue."

"Raili!"

"Nauliza tu, mwanangu."

Jambo baya ni kwamba Halla angekubali. Nilijua bila hata kufikiri. Kijiji kizima cha kaskazini kilikuwa kimelala chini ya mlima wa joka, na Halla angeweka mkoba wake wa dawa chini na kwenda. Asiyekubali nilikuwa mimi. Na ni mimi huyuhuyu ambaye kila tukiwa garini kuja huku humhubiria Tuukka kwamba dunia ingepona kama kila mtu angekuwa tayari kutoa kidogo zaidi ya anachoweza. Alikuwa amenisikiliza kwa misimu mitatu bila kulalamika. Sasa alikuwa anasubiri, kalamu mkononi, kwa imani kamili.

"Sawa," nilisema. "Ila Halla aseme neno kwanza."

"Aseme hata maneno mawili!" Tuukka alikuwa amekwisha kushika dadu.

Halla akashuka kwenye ziwa la barafu ambako joka lilisubiri. Nilisema kwa sauti yake, ile ya chini kidogo kuliko yangu, kwamba haogopi, kwamba halichukii joka, na kwamba kama linaumwa mahali popote liseme sasa.

"Joka halisemi," Raili alisimulia. "Linamtazama. Linainua mguu wa mbele. Kivuli cha mguu kinamfunika." Akageuka. "Otso, uko hatua chache tu kutoka hapo. Unasubiri mguu ushuke, au unafanya jambo lingine?"

Tuukka alitikisa dadu mkononi.

"Lazima upate ngapi?" Jalmari aliuliza.

Sote tulishtuka. Hata Raili.

"Ishirini na mbili kati ya ishirini na nne," Tuukka alisema. "Nimeacha nafasi. Si kazi kubwa."

"Na uwezekano wake ni ngapi?"

Tuukka anafanya kazi kwenye kampuni ya bima. Jumatatu hadi Ijumaa anahesabu mapaa mangapi yataanguka kwa uzito wa theluji, na mabomba yapi yatapasuka, na anajulikana ofisini kwa kutokosea. Alifungua mdomo ajibu. Akautazama ubao kwanza. Mkono wenye dadu ukatulia.

"Moja katika ishirini na nne," alisema polepole. Masikio yake yalikuwa yanageuka mekundu. "Paa lenye nafasi hiyo ya kusimama nisingemruhusu hata paka alale chini yake."

"Hukuhesabu?" nilimwuliza.

"Nilihesabu kipigo cha juu kabisa."

"Na bahati?"

"Cha juu kabisa hakina bahati ndani yake! Ndiyo raha yake. Wiki nzima nahesabu kinachoelekea kutokea, Sohvi, na kinachoelekea kutokea siku zote ni bomba kupasuka. Jumamosi nataka kuhesabu kinachoweza kutokea. Mara moja tu. Kila kitu kikienda sawa."

Nilitaka kukasirika, ikanishinda. Mimi pia naandika maombi ya kazi kwa hesabu hiyohiyo.

"Piga," nilimwambia. "Halla yuko pale kwa hiari yake. Pengine ndiyo hiyo mara moja."

"Na nikikosa?"

"Utakuwa umekosa."

"Nawe utakuwa ndani ya jiko la sauna."

"Halla, si mimi."

"Ndiyo, Halla. Halafu nikae na wewe garini mpaka Tampere."

"Tuukka," Jalmari alisema, "tangu tuanze hujawahi kupita kumi na tano."

"Nimewahi!"

"Lini?"

Tuukka alifikiri. Akaanza kuhesabu misimu kwa vidole, akaishia kwenye cha kwanza.

"Mguu unashuka," Raili alisema. Hakuwa na haraka, lakini hakuwa na huruma pia. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifunga milango ya treni.

"Sisubiri!" Tuukka alipiga meza, vikombe vikaruka. "Otso anatupa shoka!"

"Analitupia joka? Sehemu gani ya mwili?"

"Chini! Analitupa chini, anamnyakua Halla, anamweka begani, anakimbia!"

Shoka hilo tulikuwa tumelitafuta msimu mzima chini ya ardhi. Tuukka alikuwa amelichora, akalipaka rangi, akaliwekea fremu chumbani kwake.

"Lile shoka?" Raili aliuliza taratibu.

"Najua ni shoka gani, Raili! Usiniulize tena, nitabadili mawazo."

Mguu ukashuka. Ukakanyaga barafu tupu na shoka, shoka likazama ziwani. Tuukka alifumba macho Raili alipoeleza povu lilivyotokea. Nilimshika mkono chini ya meza.

"Asante," nilimwambia.

"Usinishukuru. Bado naliona likizama."

"Samahani," Jalmari alisema. "Mimi niko nyuma ya joka."

Tulimtazama.

"Mlinituma nyuma ya joka," alieleza. "Sasa ninyi mnakimbilia upande wa pili."

"Kimbia na wewe, bwana!" Tuukka akapiga kelele. "Zunguka!"

"Sawa. Nazunguka."

Raili aliishusha kadibodi yake, jambo ambalo hafanyi kamwe mchezo ukiendelea, na kwa mara ya kwanza tukaona karatasi zake. Zilikuwa nyingi. "Nilikuwa nimeandaa karamu ya ushindi," alisema. "Mji mkuu, mfalme, wapiga ngoma. Nilijua mtafika huko au mtakufa. Sikuandaa kukimbia. Jamani, hamjawahi kukimbia hata siku moja!" Alijaribu kununa, lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kugeuza karatasi ya wafalme na kuanza kuandika nyuma yake, haraka, ulimi ukitokeza pembeni mwa mdomo. "Haya. Basi itabidi tuendelee hata msimu ujao. Joka linawafuata. Mnakwenda kasi gani?"

Tuukka alisimama. Akaufuta ubao wote kwa mkono wa sweta yake, mia moja na sitini ikabaki kama moshi wa bluu kwenye kiwiko. Akaandika juu, kwa herufi kubwa: KASI YA JUU KABISA. Akasita. Akafuta maneno mawili ya mwisho, akaacha KASI peke yake.

"Halla ana kilo ngapi?" aliuliza.

"Sijawahi kuandika."

"Andika sasa. Hamsini na tano?"

"Unamwona mnene hivyo?"

"Sohvi, nambeba kwenye barafu, nina haki ya kujua!"

Nikachukua penseli, nikaivuta karatasi ya Halla karibu. Pembe zake zilikuwa zimekunjika na kulikuwa na duara la kahawa juu ya jina lake. Nikaandika hamsini.

"Pamoja na mkoba wa dawa?" Tuukka aliuliza.

"Bila mkoba. Na mkoba haubaki."

"Kilo ngapi, huo mkoba?"

"Saba."

"Una mawe humo ndani?"

"Una bandeji zako, mpumbavu wewe."

Tuukka aliguna, akaandika hamsini na saba, akapiga mstari chini yake, kisha akaanza kutafuta joka linakwenda kwa kasi gani.