Kibao Kimemkana Bi Tsai-hsia

Kila aliyeigusa kompyuta mpakato ya Bi Tsai-hsia aliikuta nzima, isipokuwa Bi Tsai-hsia mwenyewe. Kile kibao laini kilichokaa chini ya vitufe, ambacho mtu hukipapasa kwa kidole kuongoza mshale, kilimtii fundi, kilimtii mwanawe, kilimtii hata mpeleka barua aliyeombwa ajaribu akiwa bado na kofia ya pikipiki kichwani. Akigusa mwenye mali, kimya. Angeweza kukipapasa mpaka kiote nywele.

Na kwake kibao hicho hakikuwa pambo. Bi Tsai-hsia alitunga michezo ya vikaragosi, vile vinavyovaliwa mkononi kama glavu, na mji mzima wa Huwei ulimwita Mwalimu. Kuchapa kwa vitufe hakuwahi kujifunza wala hakuona aibu kusema. Aliandika kwa kidole cha shahada: anaichora herufi juu ya kibao, mchoro baada ya mchoro, na kompyuta inaipokea na kuipanga mahali pake. Mwanawe alimnunulia kipanya; yeye akajaribu kuandika nacho, akakirudisha kwenye boksi lake. Alisema ni sawa na kuandika barua kwa kipande cha sabuni.

Kalamu alikuwa nayo, bila shaka. Lakini siku hizi maneno ya mchezo hupita pia kwenye ubao wa taa kando ya jukwaa, kwa sababu vijana hawakielewi Kitaiwani cha jukwaani mpaka wakisome, na katika kikundi kizima hapakuwa na wa kuziingiza zile herufi za kale kwenye kompyuta ila yeye. Sikukuu ya hekalu ilikuwa wiki inayofuata. Onyesho la mwisho halijaandikwa. Jenerali wa mchezo wake alikuwa amesimama nje ya lango la ngome, upanga juu, akingoja kuambiwa la kufanya.

"Mama, inafanya kazi. Tazama." Po-hsun, mwanawe wa pekee, alizungusha mshale kwenye kioo. Alikuwa mhandisi huko Hsinchu, na alikuja mwisho wa juma kwa ajili ya matanga ya baba yake. "Tazama mwenyewe. Juu, chini, kulia."

"Sijasema haifanyi kazi kwako. Nimesema haifanyi kazi kwangu."

"Mashine haichagui watu."

"Hii imechagua."

Po-hsun aliifunga kompyuta taratibu, kwa ule upole ambao watu huwa nao wanapozungumza na mgonjwa, na Bi Tsai-hsia akaona hasira zikimpanda hadi utosini. Alikuwa amemlea mtoto huyu. Alijua upole wa namna hiyo huwa unatangulia neno gani.

"Nimezungumza na Tiong," alisema Po-hsun. Tiong alikuwa mwanafunzi wa marehemu, na sasa ndiye aliyeongoza kikundi. "Anasema yule kijana wa Douliu anaweza kukumalizia mchezo. Si jambo la aibu, Mama. Baba ameondoka juzi tu, wewe hulali, huli vizuri. Kichwa kinachoka. Na kule Hsinchu chumba kipo."

"Chumba kipo hata kuzimu, mbona baba yako hajaniita?"

"Mama."

"Huyo kijana wa Douliu ndiye yule ambaye majenerali wake huombana radhi kwanza ndipo wapigane? Huyo ndiye wa kunimalizia mimi?" Alisimama, akaitia kompyuta kwenye mfuko wa sokoni. "Sikiliza. Unaondoka kesho jioni. Kabla hujaondoka nitakuonyesha ubovu uko wapi. Nikikuonyesha, habari ya Hsinchu uifunge na usiifungue tena. Nisipokuonyesha, nitapanga nguo zangu mwenyewe, na Tiong ampe mchezo amtakaye."

Hakuwa na shaka hata chembe. Au tuseme alikuwa nayo, kama punje ya mchanga kwenye wali, akaamua kutoitafuna.

Duka la fundi Jung-fa lilikuwa nyuma ya soko la mboga. Jung-fa alikuwa mtu wa majigambo, na wateja walimpenda kwa hilo, kwa kuwa fundi mnyonge humtia mtu wasiwasi. Aliizima kompyuta akaiwasha. Akabonyeza kitufe kile kinachozima kibao na kukiwasha, ambacho watu hukigusa bila kujua kisha wakaja kulia kwake. Akaingia ndani ya mipangilio, akatazama kama kibao kimeamriwa kilale kipanya kinapochomekwa. Hakikuwa kimeamriwa. Akaifuta programu ya kibao, akaiweka mpya. Mwisho akafungua tumbo la mashine na kuangalia kama betri imevimba ikakisukuma kwa chini, maana hilo nalo hutokea.

"Betri bapa kama chapati," alisema. "Mwalimu, mashine hii ina afya kunishinda mimi." Akapapasa, mshale ukakimbia. "Unaona? Mchagua jembe si mkulima."

"Na jembe likimkataa mkulima?" Bi Tsai-hsia aliweka kidole chake. Mshale ukasimama kama umepigiliwa msumari.

Jung-fa alikuna kichwa. Kisha akafanya lile ambalo mafundi wote wa kisiwani hufanya elimu inapofika ukingoni: akatoa rafuni pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, vile ambavyo jina lake maana yake ni "uwe mtiifu", akailaza juu ya kompyuta. Kwenye duka lake kila mashine ilikuwa na yake.

"Ya kijani, kama taa ya kuruhusu gari, wala haijapitwa na tarehe," alisema kwa uzito. "Usiifungue wala usimpe mtu ale. Itatulia."

"Imetulia tayari, we Jung-fa. Tabu yangu ni kwamba imetulia mno."

Nyumbani aliketi mezani, akaanza kufikiri kama anavyofikiri anapotunga: nani yuko jukwaani, nani anaingia, nani anatoka. Dukani kibao kimemkataa, nyumbani kimemkataa, kwa hiyo nyumba haina kosa. Akachomoa waya wa umeme, akapapasa. Kimya. Akaurudisha. Kimya. Akahamia jikoni, akavua bangili ya jade aliyovaa tangu ujana, akavua viatu, akavaa. Mikono yake haikuweza kukaa bure wakati kichwa kinafanya kazi, na kila alipomaliza jaribio moja ilirudi yenyewe kwenye kikapu kilichokuwa pembeni mwa kiti, ikatwaa karatasi ya dhahabu na kuikunja. Ukingo juu ya ukingo, kidole cha shahada kinabana na kuburuta mpaka mkunjo ulale, hadi karatasi iwe ua la yungiyungi. Maua hayo yangechomwa siku ya kufunga matanga ili marehemu akayapokee huko aliko. Alikuwa akiyakunja tangu siku ya mazishi, asubuhi hadi jioni, na vikapu vilijaa mpaka chini ya ngazi.

Asubuhi ya Jumapili alimwita Jung-fa nyumbani na kumkalisha kwenye kiti chake yeye.

"Papasa."

Mshale ukakimbia.

"Basi si kiti, si meza, si nyumba, si mashine," alisema Bi Tsai-hsia. "Katika mchezo, ukishawaondoa wote jukwaani, aliyebaki ndiye mwizi. Aliyebaki ni mimi."

Po-hsun alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Aliguna kidogo. "Mama, ndilo nililokuwa nasema."

"Hapana. Wewe umesema kichwa changu. Mimi nimesema mimi, na mimi nina vipande vingi. Njoo hapa."

"Nifanye nini?"

"Nishike mkono. Kidole hiki. Kiendeshe wewe, kama nilivyokuendesha ulipokuwa huwezi kuandika jina lako. Mimi nalegeza, natazama dirishani, sifikirii lolote."

Po-hsun aliona haya mbele ya fundi, lakini aliinama nyuma ya kiti, akauzingira mkono wa mama yake kwa mkono wake na kukiweka kidole juu ya kibao. Akakivuta kulia. Akakivuta kushoto. Akakandamiza. Mshale haukutikisika.

"Nani anaendesha?" aliuliza Bi Tsai-hsia, macho bado dirishani.

"Mimi."

"Basi kichwa chako kimechoka, mwanangu. Hulali wewe?"

Jung-fa aliangua kicheko kikubwa, akajizuia, akashindwa. Po-hsun alikirudia kidole kile polepole, kama mtu anayehesabu upya hesabu aliyoiamini, na mara hii hapakuwa na upole wa hospitalini usoni pake. Bi Tsai-hsia alihisi ile punje ya mchanga ikimtoka kinywani. Alifurahi, tena sana, wala hakujaribu kuficha.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya kitoto. Alijaribu cha kati: kimya. Gumba: kimya. Viwili vilivyobaki: kimya. Akahamia mkono wa kushoto, kimoja kimoja, mpaka kidole cha mwisho, kile kidogo ambacho Mungu alikiumba cha kukwangulia sikio. Mshale ukaruka kama panzi.

"Lete hicho," alisema Jung-fa, akimaanisha kidole cha shahada. Alitoa mfukoni kioo chake cha kukuzia, akakitazama kidole kama alivyozoea kutazama viungio vya waya. Akakigeuza kwenye mwanga. "Mwalimu, hiki kimeisha. Tazama hapa, ile mistari ya ngozi haipo. Kigumu kama kucha, kikavu kabisa, na juu pana unga wa dhahabu." Akatazama kikapu, akatazama kidole tena. "Karatasi imekunywa mafuta yote. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Na kibao kinajali?"

"Hicho hakisikii uzito. Hata ukikipiga ngumi. Kinasikia unyevu wa ngozi, ule umeme mdogo wa mwili wa mtu aliye hai. Kidole kama hiki kwake ni kijiti tu."

Bi Tsai-hsia alikaa akikitazama kidole chake. Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa tumbo zima, mpaka akashika ukingo wa meza.

"Kumbe! Kinadhani mimi ndiye niliyekufa!"

Jung-fa alicheka naye. Po-hsun hakucheka. Alikuwa akitazama vikapu, kile cha pembeni mwa kiti, vile vya kwenye kochi, vile vya chini ya ngazi, kana kwamba vimeletwa sasa hivi.

"Yote haya umeyakunja peke yako?"

"Ulitaka nikunje na nani? Na picha yake ukutani?"

"Nilileta makasha ya maua, Mama. Yale yaliyokunjwa tayari."

"Nimeyaona. Yamekunjwa na mashine, yamenyooka vizuri. Tutayachoma pia, baba yako hakuwa mtu wa kudharau zawadi." Alisema hayo bila kinyongo. "Lakini yaliyotoka mikononi mwa watu wake, hayo atayajua."

Jung-fa, ambaye hakuwa mjinga, alikumbuka ghafla kwamba dukani kuna mteja. Mlangoni aligeuka kusema Mwalimu ajipake mafuta kila jioni na ngozi itarudi. Kwa malipo akapewa maembe yaliyokaushwa, na akaondoka akitangaza njia nzima kwamba yeye ndiye aliyegundua.

Bi Tsai-hsia aliivuta kompyuta karibu, akaketi kiupande ili mkono wa kushoto ufike vizuri, akaanza kuandika kwa kidole kidogo. Herufi za mwanzo zilitoka zimepinda kama za mtoto wa chekechea, na kompyuta ikazikosea mbili tatu, akaitukana, ikajirekebisha. Baadaye kidole kikashika njia. Lango la ngome likafunguka, na kilichofuata baina ya jenerali na adui yake hakikuwa na radhi ndani yake.

Aliposogeza kichwa kupumzisha shingo, Po-hsun alikuwa amekaa sakafuni kando ya kikapu. Ua lake la kwanza lilikuwa la kuchekesha, limelala upande mmoja.

"Kaza mkunjo," alisema mama yake. "Buruta kwa kidole, usiogope."

"Hivi?"

"Hivyo. Zaidi."

Yeye aliandika, mwanawe akakunja, na mchana ukasogea. Hakuna aliyetaja Hsinchu, wala basi la jioni. Maua yalianza kusimama vizuri, na Po-hsun akawa hayatazami tena anapoyakunja.

Simu yake iliita. Bi Tsai-hsia aliliona jina kwenye kioo: bosi wake. Po-hsun alipitisha kidole kupokea, simu ikaendelea kuita. Akapitisha tena. Akakifuta kidole kwenye suruali, akajaribu mara ya tatu, akikandamiza. Simu haikumtambua. Iliita, ikaita, ikakata, na yeye akabaki anakitazama kidole chake chenye unga wa dhahabu.

Huko hospitalini, siku baba yake alipofariki, hakulia. Kwenye mazishi alisimamia magari na chakula, na hakulia. Sasa alianza kulia. Akafunika uso kwa mikono hiyohiyo, na dhahabu ikampaka mashavuni.

Bi Tsai-hsia hakumnyamazisha. Alisukuma kikapu kwa mguu kikamfikia karibu zaidi.

"Kunja, mwanangu," alisema. "Yamebaki mengi."